Walituambia 2300, Wakasahau Kutuambia Kuhusu Mdomo wa Bomba

Wasee, leo sina siasa wala mpira. Leo nataka kukiri kosa moja nililofanya nikiwa chuo, na ili mlielewe itabidi tupitie Roma, Paris na Manchester kwanza. Vumilieni, nitawarudisha nyumbani.

Wenye mmenifuata kwa muda mnajua nilisoma uhandisi kabla niache. Mwaka wa pili, Jumatatu asubuhi, kikundi chetu kilikuwa cha kwanza kuingia maabara ya maji. Mtambo wenyewe ni rahisi tu: tanki limejaa maji, bomba la kioo linatoka kwa hilo tanki, na kisindano chembamba kinatoa rangi ya zambarau pale pale maji yanapoingia bombani. Kazi yako ni kufungua valvu kidogo kidogo na kuangalia rangi. Maji yakienda polepole, rangi inanyooka kama uzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiongeza kasi, inafika mahali uzi unaanza kutetemeka, unakatika, halafu bomba lote linageuka zambarau. Hapo unaandika kasi, unapiga hesabu, unapata namba. Kwa notisi zetu namba ilikuwa imeshaandikwa: 2300. Chini ya hapo maji yametulia, juu ya hapo ni fujo. Kwisha.

Yetu ilikatika 4,100.

Tukarudia. Ikakatika karibu hapo hapo. Fundi wa maabara akaangalia karatasi yetu, akacheka kidogo, akasema, "Vijana, hapa mmekosea hesabu. Kila mwaka wenzenu hupata elfu mbili mia tatu." Kikundi kilichofuata kilikuja na kelele zake, wengine wameegemea meza, mmoja anapiga kiwiko kwa tanki akisimulia vile wikendi ilienda, na uzi wao ukakatika mapema kabisa. Wao wakapongezwa.

Sasa sisi tulifanya nini? Tulifanya kile kila mtu hufanya. Mimi ndio nilikuwa mwandishi wa kikundi. Nikachukua biro, nikapiga mstari juu ya 4,100, nikaandika 2,340. Hiyo arobaini niliiongeza ili ikae ya ukweli. Tulipata alama poa sana.

Ilinichukua karibu miaka miwili, nikiwa nimeshaacha chuo (karo, hiyo ni stori ya siku ingine), kujua kwamba ile namba niliyofuta haikuwa na shida yoyote. Mzungu mwenye hiyo hesabu inaitwa kwa jina lake, Osborne Reynolds, hakupata 2300 alipofanya jaribio la rangi. Alipata karibu 13,000. Elfu kumi na tatu, bana. Na tofauti kati ya 13,000 yake, 4,100 yetu na ile ya wenzetu wa kelele iko mahali pamoja, mahali ambapo hakuna mtu alituambia tuangalie: mdomo wa bomba. Vile maji yanaingia.

Acha kwanza nieleze kinachotendeka hapo, bila hesabu nyingi.

Fikiria watu wanatoka uwanjani baada ya mechi, wanaingia kwa njia nyembamba yenye kuta pande zote mbili. Pale mwanzoni wote wanaenda kwa mwendo mmoja, bega kwa bega. Lakini wa kandokando wanagusa ukuta, wanakwama. Wakikwama, wanawapunguza mwendo walio karibu nao. Hao nao wanawapunguza wanaofuata. Na kwa sababu idadi inayoingia ni lazima ndiyo itoke, wale wa katikati wanalazimika kukimbia zaidi. Maji hufanya hivyo hivyo. Yakiingia bomba kwa mdomo mzuri, karibu maji yote yana kasi moja. Yale yanayogusa ukuta yanasimama kabisa, kabisa, kasi sufuri. Ucheleweshaji huo unasambaa kutoka ukutani kuelekea katikati, pole pole, hadi mwishowe ukichora kasi za maji unapata umbo kama la mlima: ukingoni sufuri, katikati mara mbili ya wastani. Hapo ndipo tunasema maji yamemaliza kuingia.

Kumaliza kuingia huchukua umbali. Maji yakiwa yametulia, makadirio ya kawaida ni hivi: zidisha namba ya Reynolds kwa 0.06, hiyo ndiyo idadi ya vipenyo vya bomba unavyohitaji. Namba ikiwa 2,000, ni vipenyo 120. Kwa bomba la kipenyo cha sentimita 2.5, hiyo ni mita tatu nzima ambazo maji bado "yanaingia". Shikilieni hiyo, nitairudia.

Watu walijua kitambo kwamba mdomo wa bomba una siri, na wa kwanza kuijua vizuri walikuwa wezi.

Mwaka wa 97, Kaizari Nerva alimteua mzee mmoja anaitwa Sextus Julius Frontinus kusimamia maji ya Roma. Huyu hakuwa fundi. Alikuwa mwanajeshi na mwanasiasa, alikuwa ametawala Uingereza kwa niaba ya Roma. Lakini alifanya kitu ambacho wakubwa wengi wakipewa ofisi hawafanyi: alikaa chini akajifunza kazi yenyewe, halafu akaandika kitabu kuhusu mifereji tisa ya maji iliyokuwa inalisha jiji. Kitabu hicho nusura kipotee. Nakala yake ilipatikana mwaka wa 1429 kwa monasteri ya Monte Cassino.

Roma ukitaka maji nyumbani kwako, ulipewa kibali na Kaizari, na kibali kilitaja ukubwa wa mdomo. Mdomo wenyewe ulikuwa kipande cha bomba cha bronzi, urefu wa vidole 12, kama sentimita 22 hivi, kinapigwa muhuri rasmi kisha kinafungwa kwa tanki la kugawa maji. Kwa nini bronzi? Kwa sababu bomba la risasi ni laini, unalipanua kwa nyundo usiku, asubuhi unapata maji ya majirani watatu. Na sheria haikuishia hapo. Bomba linalofuata mdomo lilitakiwa liwe na ukubwa ule ule kwa futi 50, kwa sababu wajanja walikuwa wanaweka mdomo halali halafu nyuma yake bomba pana, na maji yanavutwa zaidi.

Frontinus akaanza kukagua. Akakuta midomo isiyo na muhuri. Akakuta iliyopigwa muhuri na bado ni mikubwa kuliko kibali. Akakuta matundu yaliyotobolewa kando ya mabomba, maji yanauzwa kimya kimya. Kumbuka mafundi wa maji walikuwa watu 700, watumwa wa serikali 240 na wa Kaizari 460, na wengi wao walikuwa kwa hiyo biashara. Ukiwa umewahi kuishi ploti ambayo mfereji ni mkavu wiki nzima na lori la maji linakuja kila siku saa moja kamili, hauhitaji nikufafanulie.

Kitu kilichonivutia zaidi ni kwamba alielewa hata mdomo halali unaweza kuiba. Aliandika kwamba mdomo ukiwekwa chini kuliko mingine unachukua zaidi. Ukielekezwa mahali mkondo unatoka, unachukua zaidi. Ukigeuziwa mgongo mkondo, unachukua kidogo na polepole. Yaani ukubwa ni ule ule, muhuri ni ule ule, na bado maji ni tofauti kwa sababu ya jinsi yalivyoingia. Hakuwa na njia ya kupima kasi, kwa hivyo hesabu zake zilikuwa za ukubwa wa tundu tu, na hazikulingana. Alijua kasi ina mchango. Hakuwa na chombo.

Ruka miaka 1,600 na ushee, Ufaransa. Mwaka wa 1766 Jean-Charles de Borda anaonyesha vile umbo la mdomo linaamua kila kitu. Toboa tundu lenye kingo kali kando ya tanki: mkondo unaotoka unajikunja, unakuwa kama asilimia 62 ya ukubwa wa tundu, kwa sababu maji yanakuja kutoka pande zote na hayawezi kupiga kona kali ghafla. Ingiza kipande kifupi cha bomba chembamba kiingie ndani ya tanki: mkondo unajikunja hadi nusu. Lakini uviringishe mdomo, uufanye kama tarumbeta, na maji yanaingia karibu yakijaza nafasi yote. Tarumbeta. Hilo neno litarudi.

Halafu inakuja stori ya vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1797, na hawakuwa wakifanya kazi pamoja.

Wa kwanza ni Jean Poiseuille wa Paris. Alijiunga na École Polytechnique mwaka wa 1815, shule ya vichwa vya Ufaransa. Aprili 1816 serikali ya mfalme ikaifunga shule kwa sababu za kisiasa na kuwatimua wanafunzi wote. Poiseuille hakurudi. Akaenda kusomea udaktari. Naomba mniruhusu nimpende huyu jamaa kwa sababu za kibinafsi.

Kama daktari, swali lake lilikuwa la damu: moyo unasukuma kwa nguvu gani, na damu inapitaje mishipa myembamba kuliko unywele? Mwaka wa 1828 aliandika tasnifu akipima shinikizo la damu kwa mrija wa zebaki. Baadaye akaacha damu, akachukua maji na mirija ya kioo, mingine myembamba hadi sehemu ndogo ya milimita moja, akapima kwa subira ya ajabu. Akapata sheria inayofundishwa hadi leo kwa madaktari na mainjinia: kiasi kinachopita kinategemea kipenyo mara nne kwa nafsi yake. Ongeza kipenyo mara mbili, kinachopita kinaongezeka mara 16. Ndio maana mshipa wa damu ukipungua upana kidogo tu, madaktari hawalali.

Lakini Poiseuille aliona shida moja. Mirija ikiwa mifupi, sheria yake ilikataa. Kila kipenyo kilikuwa na urefu wake wa chini. Chini ya hapo hesabu zinaharibika. Ni kwa sababu kwa mrija mfupi maji yanatoka kabla hayajamaliza kuingia. Sheria yake ni ya maji yaliyotulia na kupanga foleni. Pale mlangoni kuna sheria ingine.

Wa pili ni Gotthilf Hagen, injinia wa Prussia, mtu wa bandari na mifereji. Yeye alichapisha mwaka wa 1839, kabla ya Poiseuille, akitumia mirija ya shaba, na aliliona jambo la mlangoni waziwazi zaidi: sehemu ya msukumo unaotoa haisuguani na ukuta kabisa, inatumika tu kuyafanya maji yaliyokuwa yamelala kwa tanki yaanze kukimbia. Unalipa kiingilio kwanza, ndio unaanza safari. Mwaka wa 1854 akarudi na mirija ya kioo, akatia unga wa mbao uliokatwa kwa msumeno ndani ya maji ili aone yanavyosonga. Wakati mwingine vipande vilienda moja kwa moja. Wakati mwingine vilizunguka ovyo. Aliona aina mbili za mwendo, miaka karibu 30 kabla ya yule mwenye jina lake liko kwa vitabu. Nikiwa chuo sikuwahi kusikia Hagen alitia unga wa mbao. Niliona tu jina lake na kistari kando ya Poiseuille, nikadhani ni mtu mmoja mwenye majina mawili.

Haya, Manchester.

Osborne Reynolds alizaliwa Belfast mwaka wa 1842. Kabla ya kwenda Cambridge kusoma hesabu, alifanya kazi kwa karakana ya injinia, akichafua mikono. Mwaka wa 1868, akiwa na miaka 25, akawa profesa wa uhandisi kwa chuo cha Owens, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Manchester. Miongoni mwa vijana waliopita darasani kwake ni J. J. Thomson, yule baadaye aligundua elektroni.

Mwaka wa 1883 alichapisha ripoti yenye kichwa kirefu sana kuhusu kinachoamua maji yaende moja kwa moja au yajipindepinde. Mtambo wake: tanki lenye kuta za kioo, urefu wa futi 6, kina na upana wa inchi 18. Ndani ya maji akalaza bomba la kioo. Alikuwa na mabomba matatu, ya kipenyo cha karibu inchi moja, nusu inchi na robo inchi, yote yakiwa chini ya mita moja na nusu kwa urefu. Na mbele ya kila bomba akafunga mdomo wa mbao iliyopakwa vanishi, umbo la tarumbeta.

Huo mdomo haukuwa urembo. Yeye alitaka maji yaingie bila kujua yameingia, bila kona, bila kushtuka. Aliyaacha yatulie kwa saa nyingi kabla ya kuanza. Valvu aliiweka mbali, bomba linashuka chini, na akaifungua kwa mkono mrefu wa chuma ili asitikise tanki. Kisha akaachilia rangi mdomoni.

Polepole: uzi mnyoofu, mzuri, hadi mwisho. Akiongeza kasi: uzi bado umenyooka. Akiongeza zaidi, ghafla, mahali fulani mbali na mdomo, rangi inachanganyika na kujaza bomba. Akiangaza kwa cheche ya umeme, ile rangi iliyochanganyika ilionekana kuwa ni vimbunga vidogo vilivyo wazi kabisa, kila kimoja na umbo lake. Akagundua pia kwamba kwa ile kasi ya mpakani fujo haiji kama ukuta. Inakuja kwa vipande: fujo, kimya, fujo, kimya, kama taa yenye waya mbovu.

Hapo ndipo alipofikiria namba yake. Chukua kasi ya maji, zidisha kwa kipenyo cha bomba na kwa densiti ya maji, gawanya kwa mnato. Bomba kubwa au dogo, maji moto au baridi, ukipiga hiyo hesabu unaweza kuyalinganisha. Jina "namba ya Reynolds" hakujipa mwenyewe. Ilipewa na Mjerumani Arnold Sommerfeld mwaka wa 1908.

Sasa sikizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo notisi zetu zilikata kona. Kwa ripoti ile ile kuna namba mbili. Kwa tanki lililotulia na mdomo wa tarumbeta, fujo ilianza karibu 13,000. Lakini Reynolds alifanya jaribio la pili kwa mabomba ya risasi, maji yakiingia tayari yamevurugika, na hapo hakuangalia rangi, alipima shinikizo. Swali lilikuwa la kinyume: ikiwa maji yameshaingia na vurugu, ni kasi gani itaacha vurugu ife yenyewe ndani ya bomba? Jibu likawa karibu 2,000.

Kwa hivyo ile namba ya chini haisemi "juu ya hapa ni lazima fujo". Inasema "chini ya hapa fujo haiwezi kuishi". Ni vitu viwili tofauti kabisa! Juu yake, maji yanaweza kutulia au kuvurugika, na kinachoamua ni yale yaliyobebwa kutoka mlangoni. Reynolds aliona hilo kwa macho: akiweka waya mdogo uliokunjwa karibu na mdomo, fujo inaanza mapema zaidi.

Na sasa ile hesabu niliwaambia mshikilie. Kwa namba 13,000, maji yanahitaji vipenyo 780 kumaliza kuingia. Kwa bomba lake la inchi moja hiyo ni kama mita 20. Bomba lenyewe halikufika mita moja na nusu. Yaani maji aliyokuwa anayatazama, yale yaliyompa umaarufu, hayakuwahi kumaliza kuingia bombani. Jaribio maarufu zaidi la mtiririko wa bomba ni jaribio la mlango wa bomba, mwanzo mwisho. Nilipopiga hiyo hesabu mara ya kwanza, saa nane usiku, nilisimama nikazunguka chumba. Ni chumba kidogo, nilizunguka mara moja tu.

Letu la maabara pia halikufika mita moja, na kwa 4,100 na kipenyo cha karibu sentimita moja, maji yangehitaji zaidi ya mita mbili. Mdomo wake ulikuwa tarumbeta ya plastiki. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, tanki halikuguswa tangu Ijumaa. Sisi watatu tulikuwa na usingizi, hakuna aliyeegemea meza. Maji yaliingia yakiwa yametulia, yakabaki yametulia kupita 2300, na ilikuwa sawa tu yafanye hivyo.

Walioendelea baada ya Reynolds walithibitisha. Karibu mwaka wa 1910, Vagn Walfrid Ekman wa Sweden, mtaalamu wa bahari, alitumia mtambo wa Reynolds mwenyewe kule Manchester. Akiwa makini zaidi, akayafikisha maji zaidi ya 40,000 yakiwa bado yamenyooka. Baadaye kuna waliofika 100,000 kwenye maabara zingine. Hakuna ukuta huko juu uliopatikana. Wanahesabu nao wameshambulia swali hilo miaka mingi na kila dalili inaonyesha kwamba mtiririko uliotulia ndani ya bomba la mviringo hauvurugwi na mtikisiko mdogo mno. Ni lazima upigwe na kitu chenye nguvu ya kutosha, na mara nyingi kitu hicho kimeingia nao mlangoni.

Kuna kipande kimoja cha stori hii nakipenda kuliko vyote. Mtambo wa Reynolds ulihifadhiwa. Karibu miaka 100 baadaye, watu wa Manchester waliujaza maji tena wakapiga picha za rangi ndani ya bomba. Haukufika 13,000. Fujo ilianza mapema kuliko enzi ya Reynolds, na sababu ilikuwa magari barabarani. Mwaka wa 1883 nje kulikuwa na farasi na mikokoteni. Sasa kulikuwa na malori na mabasi, jengo linatetemeka kidogo, tanki linatetemeka kidogo, na mtetemo huo unaingia na maji. Jiji zima liko ndani ya uzi wa rangi. Hebu fikiria ungeweka huo mtambo kando ya Jogoo Road.

Na ile namba ya chini? Hiyo nayo ilichukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Vitabu vimeandika 2000, vingine 2100, vingine 2300, kila mtu na yake. Mwaka wa 2011 ndipo kundi la watafiti, wengine wakiwa Göttingen, Ujerumani, walichapisha jibu kwenye jarida la Science. Walitumia bomba la kioo la mita 15 lenye kipenyo cha milimita 4 tu, refu vya kutosha mambo ya mlangoni yaishe kabisa. Walipiga maji teke dogo, wakahesabu vipande vya fujo vikisafiri. Kila kipande kina hatima mbili: kife, au kigawanyike kuwa viwili. Kasi ikiwa ndogo, vinakufa haraka kuliko vinavyozaana. Kasi ikipanda, vinazaana haraka kuliko vinavyokufa. Pale vinapolingana ni karibu 2,040. Miaka 128 baada ya Reynolds, na si 2300.

Nilimtumia rafiki yangu wa kikundi kile hii stori yote kabla niwaandikie nyinyi. Yeye bado yuko chuo, anamaliza mwaka huu. Nilidhani atacheka. Akanyamaza kama dakika kumi, halafu akanitumia picha. Alikuwa ameweka ile karatasi yetu ya rasimu kwa faili yake muda huu wote. Mwandiko ni wangu. 4,100 imekatwa kwa biro ya buluu, mstari mmoja, na bado inasomeka. Chini yake ile ya pili, tuliporudia: 4,050. Hiyo nilikuwa nimesahau kuikata.

Akaandika, "Buda, jaribio linafanywa tena na mwaka wa pili wiki ijayo. Mimi ndio nasaidia fundi. Nifanye nini?"

Nikamwambia awaambie waje mapema, na mtu asiegemee meza.